Nyundo 16 oz, 0.5 kg, 4P na nyingine "28": kipimo kipi ni kipi? (Kigoma)

#1 duka_mwanga

Kwema wakuu?

Nina kiduka cha vifaa vya ujenzi hapa Mwanga, Kigoma mjini. Bati, nondo, misumari, vitasa, hivyo navijua hata umeme ukikatika. Nyundo ndizo zinanitoa jasho. Nondo ni milimita, mbao ni inchi, misumari inapimwa inchi halafu inauzwa kilo, tumeshazoea. Lakini rafu yangu moja tu ya nyundo ina vipimo vya kila aina.

Zipo za seremala, zenye kucha za kung'olea misumari, mpini wa mti, stika inasema 16 oz. Pembeni yake zipo zenye kucha vilevile, mpini wa faiba uliovishwa mpira mwekundu, hizo zimeandikwa 0.5 kg. Kuna vichwa vitupu vya nyundo kubwa, chuma cha pembe nane, vimegongwa 4P na 8P. Halafu kuna boksi nililonunua kwa mtu aliyelivusha ziwa, nyundo za uso wa mraba, ubavuni zimegongwa 28 basi. Hamna kilo, hamna gramu.

Sasa jana kaja seremala wa Ujiji, mtu mzima anayejua kazi yake. Kachukua ile ya 16 oz, kaiweka kwenye mzani wangu wa misumari. Ikasoma gramu 610. Kaniangalia. "Kijana, aunsi kumi na sita haifiki nusu kilo. Ama nyundo imezidi, ama mzani wako ndio unazidisha. Na misumari unatupimia na huu huu?" Dukani walikuwepo watu, wakaangua kicheko. Nikamwekea ile ya faiba ya 0.5 kg, ikasoma gramu 505. Akasema "basi hii ndiyo ya haki", akalipa akaondoka nayo.

Mzani wangu umekaguliwa na una muhuri wa Wakala wa Vipimo wa mwaka huu, kwa hiyo huko msinipeleke. Naomba kueleweshwa: hii namba ya nyundo inapima nini hasa? Na ile 28 niiuzeje?

#2 mgebuka_mkavu

Nimevuta kigoda, wataalamu wanakuja.

#3 Spana13

Mkuu, kwanza pole kwa kuchekwa, pili nyundo yako ya 16 oz haina kosa lolote.

Namba inayoandikwa kwenye nyundo ni uzito wa KICHWA. Mpini haumo. Ndivyo ilivyo kwa Mwingereza, Mmarekani na Mjerumani. Aunsi moja ni gramu 28.35, kwa hiyo 16 oz ni gramu 454, ambayo pia ni ratili moja, au paundi kama mnavyosema vijana. Ongeza mpini wa mti wa gramu mia na hamsini hivi, umefika 610 yako. Imetulia kabisa.

Inayonitia wasiwasi ni ile ya faiba. Kama kichwa ni nusu kilo, ukiweka na mpini ilibidi isome mia sita na kitu, karibu mia saba. Ikisoma 505 na mpini wake, huyo mzee wa Ujiji kaacha nyundo nzuri kaondoka na nyepesi.

Hiyo P ni paundi. Viwanda vya China hugonga hivyo: 2P, 3P, 4P, 6P, 8P, 10P. Kwa hiyo 4P inatakiwa iwe kilo 1.8 na 8P iwe kilo 3.6. Ukikuta LB ni kitu hichohicho.

Ya 28 sijawahi kuiona gereji kwetu. Nasubiri.

#4 Bwana_Hoja

Hapa siwezi kukubali kirahisi. Ukinunua mfuko wa saruji wa kilo 50 unapimwa kwa kilichomo. Nyundo nayo ni kitu kimoja, kichwa na mpini wake. Mimi nashika kitu kizima mkononi, sishiki kichwa peke yake. Kwa mantiki ipi mpini usihesabiwe?

#5 Spana13

Mkuu @Bwana_Hoja, mpini ni wa kubadilisha. Leo una mpini wa mti, ukivunjika unachonga mwingine wa mpera, mzito au mwepesi kutegemea umekauka kiasi gani. Mwenzako anataka mrefu, wewe unataka mfupi. Kama namba ingehesabu mpini, nyundo ingebadilika namba kila ukibadilisha mti. Kichwa ndicho kinachobaki, na ndicho kinachokutana na msumari.

Angalia hata hizo 4P na 8P anazouza mleta mada. Zinauzwa vichwa vitupu, mpini unajitafutia mwenyewe. Hiyo namba ingehesabuje mpini ambao haupo?

#6 Bwana_Hoja

Hiyo ya vichwa vitupu nimeielewa. Endelea.

#7 Kalafati_Katonga

Nimeiona 28 nikaona nisipite kimya.

Mimi ni fundi mitumbwi, Katonga. Kazi yetu ni mbao, misumari na kuziba mianya kwa pamba iliyolowekwa mawese, kwa hiyo nyundo hainitoki mkononi kutwa. Hizo za uso wa mraba zinakuja kwa njia ya Bujumbura na Kalemie, na huko wenzetu walirithi mtindo wa Wafaransa na Wabelgiji. Kwenye mtindo wa Kifaransa ile nyundo ya fundi chuma, yenye uso wa mraba upande mmoja na ncha bapa upande wa pili, haitajwi kwa uzito. Inatajwa kwa upana wa uso wake kwa milimita. 28 ni milimita 28. Chukua rula uweke usoni, utaniambia. Ziko 25, 28, 30, 32, zinapanda hivyo.

Kwa uzito, hiyo 28 huwa jirani ya nusu kilo kichwa. Kwa hiyo kwa mteja wa kawaida ni mbadala wa 16 oz au wa gramu 500, isipokuwa haina kucha za kung'olea. Sisi mtumbwini tunaipenda kwa sababu ile ncha bapa inaingia kwenye kona ambazo nyundo ya kucha haifiki, na ukishika msumari mdogo kwa vidole viwili unaanza kuugonga kwa ncha bila kujiponda.

Usije ukamwambia mteja ni aunsi 28. Aunsi 28 ni karibu gramu 800, atakurudishia.

#8 duka_mwanga

@Kalafati_Katonga ubarikiwe sana kaka. Nimeweka rula, ni 28 barabara. Na kweli nilishaanza kumwambia mtu mmoja kwamba labda ni aunsi, bahati yake hakuwa na hela.

#9 mstaafu_wa_reli

Vijana hamjambo. Mmeligusa jambo ambalo kwa mji huu lina mizizi mirefu, ngoja nichangie taratibu, kuandika kwa simu kunanichosha macho.

Reli ya kati ilifika hapa 1914 chini ya Mjerumani. Ile meli mnayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikaletwa kwa masanduku, ikaunganishwa upya hapahapa Kigoma kwa ribiti, yaani pini za chuma zinazopondwa ncha, na kushushwa majini 1915. Ribiti ni kazi ya nyundo, mjue hivyo. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakaingia mjini, wakakaa mpaka 1921 walipomwachia Mwingereza, na bado wakabaki na eneo lao bandarini, wazee wanalijua kwa jina la Belbase. Basi ndani ya miaka saba tu mji huu umepita kwa bwana wa kilo na gramu, bwana wa milimita na bwana wa ratili. Msishangae rafu ya huyu kijana.

Nyundo za mtindo wa Kijerumani huzijua kwa mpangilio wake: gramu 100, 200, 300, 500, 800, kilo moja, kilo moja na nusu, kilo mbili. Namba huwa imegongwa ubavuni kwa gramu, na umbo linafanana na hizo za Kifaransa, uso wa mraba na ncha bapa. Ndiyo maana watu wanazichanganya. Ukiona 500 ni gramu. Ukiona 28 au 32 ni milimita. Hakuna fundi anayetengeneza nyundo ya gramu 28 na hakuna uso wa milimita 500, kwa hiyo ukubwa wa namba wenyewe unakusemea.

Kigumu ni namba ndogo peke yake. Nyumbani nina kichwa cha nyundo nilichoachiwa na marehemu baba, aliyefanya kazi reli kabla yangu. Kimegongwa 4, hakuna herufi. Wajukuu walibishana kama ni kilo au ratili. Nikawatuma kwa jirani mwenye mzani, kikaja kilo 1.78. Ratili nne ni kilo 1.81. Ni ratili, hicho kidogo kilichopungua kimeliwa na kazi. Kingekuwa cha kilo nne hata kiliwe vipi kisingeshuka hapo.

#10 Spana13

Shikamoo mzee. Darasa limekamilika.

#11 mstaafu_wa_reli

Marahaba.

#12 kijana_wa_Gungu

Mimi nadhani mnakuza mambo. Nyundo nzito inapiga zaidi, nyepesi inapiga kidogo. Nunua nzito kuliko zote, mambo yaishe. Namba za nini?

#13 mama_kokoto

Mwanangu @kijana_wa_Gungu, njoo uponde kokoto na mimi siku moja tu, halafu jioni uje kuandika tena hapa.

Sisi tunaponda kwa nyundo ya 2P, mpini mfupi, unakaa chini. Jiwe unalizungushia kipande cha tairi ulichokikunja kama kishikio ili vipande visiruke usoni, unagonga, unageuza, unagonga. Mkono unapanda na kushuka tangu asubuhi mpaka jua la kuzama. Nilishawahi kununua 4P kwa tamaa, nikasema nitajaza debe upesi. Asubuhi nilijaza upesi kweli. Ilipofika saa nane mchana bega likakataa, mkono unainuka nusu, nyundo inaanguka kando ya jiwe, kiganja kinawaka moto. Kesho yake sikwenda kazini. Niliirudisha 4P kwa mwanaume anayepasua mawe makubwa huko machimboni, yeye anasimama na anapiga kwa mikono miwili.

Kwa hiyo namba ni muhimu kwetu tusiokuwa na hela ya kununua mara mbili. Na ninyi wauza duka mkitupunja uzito tunajua, ila mkituzidishia ndiyo mnatuumiza zaidi.

#14 mwalimu_Kasulu

Mama kamaliza, mimi nimpe kijana sababu ya upande wa fizikia.

Nguvu ya pigo inatoka kwenye vitu viwili, uzito wa kichwa na kasi kinapogusa. Ukiongeza uzito mara mbili, nishati ya pigo inaongezeka mara mbili. Ukiongeza kasi mara mbili, nishati inaongezeka mara nne, kwa sababu kasi inajizidisha yenyewe kwenye hesabu. Mkono wa mtu una kikomo. Nyundo ikizidi uwezo wako kasi inashuka, na kile ulichopata kwenye uzito unakipoteza kwenye kasi, tena na shabaha inaondoka. Ndiyo maana seremala wa samani anabaki kwenye aunsi 12 hadi 16, anayepigilia mbao nzito za paa anapanda 20, na mwashi anayetumia tindo kutoboa ukuta anachukua ya ratili mbili au nne kwa sababu hapo hatupi mkono mbali, anauacha uzito wenyewe ufanye kazi.

Sasa @duka_mwanga, kuhusu ile ya faiba. Unaweza kujua uzito wa kichwa bila kung'oa mpini. Unahitaji mzani wa kidijitali wa jikoni na jagi.

Jaza jagi maji nusu, liweke juu ya mzani, bonyeza mzani usome sifuri. Shika nyundo kwa mpini, uzamishe kichwa chote ndani ya maji, lakini kisiguse chini wala ukingo, na mpini usizame zaidi ya pale unapoingia kwenye tundu. Mzani utaonyesha namba. Hiyo namba ni ujazo wa ulichozamisha, kwa sababu gramu moja ya maji ni mililita moja. Chuma cha pua kina gramu 7.85 kwa kila mililita. Zidisha.

Kuna jambo moja la kuangalia: kwenye tundu la kichwa kuna mpini umejaa, nao unasukuma maji. Lazima uutoe. Pima urefu na upana wa tundu na kina chake kwa sentimita, vizidishe, halafu zidisha tena na 0.785 kwa kuwa tundu ni la duara lililovutwa. Mfano tundu la sentimita 2.4 kwa 1.5, kina 2.5, linakuja mililita 7. Kama mzani ulisoma 65, toa 7 ubaki na 58, zidisha 7.85, ni gramu 455. Hiyo ni 16 oz halali.

#15 mgebuka_mkavu

Mwalimu kaja na mtihani wa taifa. Mimi nilidhani tunaongelea nyundo.

#16 tindo_na_patasi

Nampongeza mwalimu, ila nitoe angalizo. Hii njia ni ya vichwa vya chuma cha kawaida. Usijaribu kwa nyundo ya raba wala zile za shaba nyeusi, uwiano wa uzito na ujazo ni tofauti. Na ukishamaliza ukaushe kichwa na upake mafuta kidogo. Maji yakiingia kwenye tundu, mpini wa mti unavimba, ukikauka unalegea, kesho kichwa kinaruka kinampata mtu.

#17 duka_mwanga

Wakuu nimerudi. Nimefanya zoezi la mwalimu mbele ya kijana wangu wa duka, yeye anashika nyundo mimi nasoma mzani.

Ile 16 oz ya mpini wa mti: mzani 65, tundu nimepima limekuja 7, kwa hiyo kichwa ni gramu 455. Nilibaki nimeduwaa, ni kama mwalimu aliiona.

Ile ya faiba ya 0.5 kg: mzani 49. Nikatoa 7, ikabaki 42. Gramu 330. Mia tatu thelathini! Kwa aunsi haifiki hata 12. Maana yake hao waliotengeneza wamepima nyundo nzima, faiba na mpira wake, wakaandika nusu kilo.

Nikapima na vile vichwa vitupu, hivyo havihitaji jagi, unaweka tu juu ya mzani wa misumari. 4P zimekuja kilo 1.75 mpaka 1.8, naona zinavumilika. 8P imekuja kilo 3.1. Ilitakiwa 3.6. Nusu kilo nzima ya chuma haipo.

#18 Spana13

Hiyo 8P ya kilo 3.1 ni ratili saba kasoro. Nyundo ya ratili saba ipo kihalali kabisa na ni nzuri. Iite saba, iuze kwa bei ya saba, hutagombana na mtu.

#19 Bwana_Hoja

Na hapa ndipo nilipotaka tufike. Je, si wizi? Kwa nini asiende kushtaki kwa Wakala wa Vipimo huyo aliyemuuzia?

#20 tindo_na_patasi

Aanze kwa kurudi kwa aliyemuuzia, na stika yake mkononi na picha ya mzani. Wengi wa jumla wanabadilisha bila kelele ukiwa na ushahidi. Tofauti ndogo ya gramu kumi au ishirini hata kiwanda kizuri kinayo, chuma kinafuliwa na kusagwa, hakikatwi kwa wembe. Lakini gramu 330 kuitwa nusu kilo, hapo hakuna cha kuvumilia.

Halafu jifunzeni kutofautisha namba iliyogongwa kwenye chuma na namba ya stika. Iliyogongwa ubavuni iliwekwa kiwandani. Stika ya kwenye mpini mtu yeyote anaweza kuibandika njiani. Nyundo ambayo haina alama yoyote kwenye chuma, yenye stika tu, ipime kabla hujalipa. Mzigo mzima wa boksi upime moja au mbili, zisizotoka juu, toa za katikati.

#21 kijana_wa_Gungu

Swali la heshima safari hii. Zile nyundo za chuma kitupu, kichwa na mpini kipande kimoja, zimevalishwa raba pa kushikia. Hizo kichwa chake kinapimwaje wakati hakitoki? Au nazo uende kwenye jagi?

#22 Spana13

Swali zuri. Hizo zimeundwa zilingane na daraja. Ikiandikwa 20 oz maana yake kichwa kimechorwa kipige kama kichwa cha aunsi 20 cha nyundo ya mti. Ukiiweka yote mzanini itasoma mbali zaidi, kwa sababu shina la chuma ni zito. Kwa hiyo usimlaumu muuzaji ukikuta inazidi sana. Mkononi utaisikia nzito lakini namba itabaki kukusaidia kulinganisha na nyingine za 20.

Nikiwa hapohapo, kijana, usije ukatumia nyundo kugonga nyundo. Naona sana gereji: kichwa kimebana, mtu anachukua nyundo ya pili anagonga uso kwa uso. Nyuso zote mbili zimefanywa ngumu kiwandani, kipande kidogo kinaweza kuruka kwa kasi na kuingia jichoni. Vilevile uso ukishaanza kutanuka na kukunja kingo, saga zile kingo. Uzito utapungua kidogo, jicho litabaki.

#23 Kalafati_Katonga

Naongezea kwa wanaonunua kwa kubebea mkononi bila mzani, kwa sababu sokoni huwezi kutembea na jagi la mwalimu.

Shika nyundo kwa vidole viwili karibu na kichwa, iache ining'inie, tafuta pale inapokaa sawa bila kuinama upande. Nyundo ya kichwa halali inakaa sawa ukiishika karibu sana na kichwa. Ile ya kichwa chepesi na mpini mzito, pale pa kukaa sawa panasogea chini kuelekea mkononi. Mzee wa Ujiji angefanya hivyo tu asingebeba ile ya faiba. Ya mti na ya faiba ukizishika sambamba utaisikia tofauti hata ukiwa umefumba macho, ya faiba uzito wake unakaa kwenye kiganja, ya mti uzito wake unakaa mbele.

Sikatai faiba yenyewe. Maji ya ziwa hayailagi wala mchwa hawaigusi, na mimi nina moja ya ratili mbili ambayo imeona mitumbwi mingi.

#24 mwalimu_Kasulu

Kwa kukamilisha tu, msije mkadhani dunia nzima ni hizi tatu. Japani wana kipimo chao cha zamani, moja yake ni gramu 3.75, na nyundo ya maseremala wao ya kawaida ni mia moja ya hizo, yaani gramu 375. Mtu akikuletea nyundo ya Kijapani usishangae. Huku mwisho wa reli bado sijaiona.

#25 mstaafu_wa_reli

Kijana wa duka, huyo mzee wa Ujiji amepatikana? Maana amelipia nusu kilo akaondoka na robo na kitu.

#26 duka_mwanga

Mzee shikamoo. Nimempigia leo asubuhi, amekuja mwenyewe na nyundo yake. Nimemwekea jagi akapima kwa mkono wake, hakuniamini mimi. Alivyoona 49 na ile 65, akanyamaza, akaniambia "nipe hiyo ya mti". Nimembadilishia, hakuongeza kitu.

Za faiba zilizobaki nimezing'oa stika. Nimezifunga uzi na kikaratasi kilichoandikwa gramu 330, nimeshusha bei, na zinatoka, watu wa bati na wanaotengeneza masanduku wanazichukua, wanasema kwao nyepesi ndiyo nzuri. Ile 8P nimechora saba kwa chaki. Na 28 nimeandika "uso mm 28, kichwa kama nusu kilo".

@mama_kokoto, nina vichwa vya 2P, nimevipima, gramu 890 hadi 910. Ratili mbili ni 907. Ukitaka niambie.

#27 mama_kokoto

Nitataka viwili mwanangu. Mpini usiniwekee ule mweupe wa dukani unaopasuka wiki ya kwanza. Nina mti wa mkole nimeukausha juu ya jiko tangu kiangazi, nitaukata mwenyewe. Wewe niletee vichwa na kabari mbili za chuma.

#28 tindo_na_patasi

Mama, ukiutia huo mkole, uache utokeze juu ya kichwa kama upana wa kidole, halafu ndiyo upige kabari. Ukikata sawasawa na chuma utakosa pa kukaza ukilegea.

#29 mama_kokoto

Hilo tunalijua baba, ila asante. @duka_mwanga mpe bodaboda aje navyo kesho kabla ya saa nne, baada ya hapo nakuwa juani na simu siisikii.